Ni Nani Aliyesahauliwa? Somo kwa Kamati za Diakonia na Marafiki wa Kazi Yetu

Masomo: Matendo ya Mitume 6:1-7, 2 Wafalme 4:1-7, Mathayo 25:31-46



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo kamati inaweza kulisoma katika vikao viwili, na mwishoni tumeweka maswali ya kujadiliana. Tumelichagua kwa sababu ya jambo moja tunalokutana nalo karibu kila tunapotembelea sharika, nalo ni orodha ya wahitaji.

Kamati zetu zinafanya kazi kwa bidii. Mahindi yanagawiwa, sare za shule zinanunuliwa, nyumba za wazee zinaezekwa. Lakini kabla ya hayo yote huwa kuna karatasi yenye majina. Aliyeandikwa hupata, asiyeandikwa hukosa. Mara nyingi karatasi hiyo huandikwa kwa dakika chache baada ya ibada, watu wakiwa wanangoja mnada wa mazao uanze nje ya kanisa. Tunapenda kuonyesha katika somo hili kwamba kuandika orodha hiyo ni kazi ya kiroho kama kuhubiri, na kwamba huduma ya kweli huanza pale kanisa linapouliza: ni nani aliyesahauliwa?

1. Manung'uniko ya Yerusalemu

Tufungue Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa lilikuwa linakua kwa kasi. Palikuwa na mgawo wa chakula wa kila siku. Ndipo yakatokea manung'uniko: Wayahudi waliozungumza Kiyunani waliona kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa, huku wajane wa Waebrania wakihudumiwa.

Tuangalie vizuri tatizo lilikuwa nini. Luka hasemi kwamba chakula kilikuwa kimekwisha, wala hasemi kwamba mtu aliiba. Anasema wajane walisahauliwa. Waliokuwa wakigawa waliwajua wajane wa lugha yao na wa ukoo wao, na wale wengine hawakuwaona. Kanisa lililojaa Roho Mtakatifu, lenye mitume kumi na wawili, liliweza kumsahau mjane. Kama lilitokea kwao, linaweza kutokea katika usharika wowote.

Mitume walifanya mambo matatu yanayotufaa sisi leo.

Kwanza, hawakuwakemea walionung'unika. Hawakusema kwamba hao ni watu wa kuleta vurugu kanisani. Waliyapokea malalamiko kuwa ni habari muhimu, wakaita mkutano wa wanafunzi wote.

Pili, walitaja sifa kabla ya kutaja majina. Walitaka watu wenye kushuhudiwa mema, wenye Roho na wenye hekima. Kazi ya kugawa chakula ilihitaji watu wa kiroho. Katika Kiyunani, lugha ya asili ya kitabu hiki, neno diakonia limetumika kwa mgawo wa kila siku, na neno hilohilo limetumika kwa huduma ya Neno. Meza na mimbari zina jina moja.

Tatu, waliochaguliwa walikuwa saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na Nikolao alikuwa mwongofu kutoka Antiokia, mtu ambaye hakuzaliwa Myahudi. Inaelekea sana kwamba watu hawa walitoka upande ule uliosahauliwa. Yaani kanisa halikuishia kuongeza mgao wa wajane wale. Liliwakabidhi meza watu waliojua machungu yao. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Matokeo tunayasoma katika mstari wa 7: Neno la Mungu likaenea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka. Haki ilipotengenezwa mezani, injili ilipata njia.

2. Sanduku lenye funguo nne

Sisi Walutheri tunao mfano mwingine katika historia yetu. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, huko Saxony nchini Ujerumani, ulitunga utaratibu wa kutunza maskini, na Martin Luther akauandikia utangulizi. Mapato ya kanisa na sadaka viliwekwa katika sanduku moja la pamoja. Katika sanduku hilo wangesaidiwa wazee wasiojiweza, yatima na watu walioanguka kiuchumi. Fundi aliyeishiwa aliweza kukopeshwa ili aanze tena kazi yake, na kama alishindwa kabisa kulipa, alisamehewa.

Utaratibu ule ulitaka wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa wakuu wenye ardhi, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa wananchi wa kawaida wa mjini, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Hakuna kundi lililoweza kufungua bila mengine kuwapo. Mkulima wa kijijini, ambaye siku hizo alihesabiwa kuwa mtu wa chini, alikuwa na ufunguo mkononi.

Hatusemi kwamba mambo yalikwenda vizuri huko Leisnig. Mapema kabisa ulitokea mvutano, kwa sababu wenye mamlaka mjini hawakutaka kuachia mali waliyokuwa wakiishika. Lakini wazo lenyewe limebaki kuwa zuri, nasi tunaweza kujiuliza: katika usharika wetu, funguo za sanduku la diakonia ziko kwa nani? Je, yupo hata mmoja mwenye ufunguo ambaye anajua maana ya kulala njaa?

3. Wanaosahauliwa katika sharika zetu

Katika ziara zetu tumeona kwamba wanaokosekana katika orodha hufanana kutoka usharika hadi usharika. Tunawataja hapa ili kila kamati iangalie kwake.

Walio mbali. Mtaa ulio karibu na kanisa huwa na majina mengi, na mtaa ulio ng'ambo ya mto au mlimani huwa na machache. Wahitaji hawaishi karibu na kanisa peke yao. Tofauti ni kwamba wa karibu wanaonekana.

Wasiorudisha bahasha. Wapo wajumbe wanaosema, “Huyu hatoi ahadi, tutamsaidiaje?” Lakini mara nyingi asiyetoa ndiye hasa hana. Tena mwenye aibu ya kutokuwa na sadaka huacha polepole kuja ibadani, na akishaacha kuja, jina lake hupotea.

Walio chini ya marudi ya kanisa. Binti aliyezaa kabla ya ndoa, au mtu aliyeachana na mwenzake, husubiri kurudi kundini kwa utaratibu wa kanisa. Utaratibu huo una nafasi yake. Hata hivyo, mtoto wa binti huyo anahitaji uji leo asubuhi. Marudi yanahusu ushiriki wa mtu katika maisha ya usharika, wala hayamwondolei haki ya kuonewa huruma.

Waliofichwa ndani. Bado zipo nyumba ambamo mtoto mwenye ulemavu hatolewi nje wageni wakija. Mzazi hafanyi hivyo kwa ukatili. Anaogopa maneno ya watu. Mtoto huyu hataandikwa na mtu anayepita barabarani. Ataonekana kwa yule anayeketi, anayerudi mara ya pili, na anayeaminiwa.

Wanaume. Tunasema wajane na yatima, na tunafanya vema, kwa sababu Biblia inawataja mara nyingi. Lakini yupo mzee aliyefiwa na mke, anayepika mwenyewe huku macho hayaoni. Yupo kijana aliyeumia kazini akarudi kijijini na magongo. Desturi zetu humfanya mwanaume aone haya kusema kwamba ameshindwa.

Wa imani nyingine. Katika Mathayo 25 Mfalme anawauliza mataifa yote habari za mwenye njaa, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hatusomi kwamba aliwauliza dhehebu la mwenye njaa. Kanisa letu nchini lina historia njema katika hili. TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, limewahudumia wakimbizi wa mataifa na imani mbalimbali kwa miaka mingi. Jirani Mwislamu aliyeunguliwa nyumba ni jirani yetu, naye Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi maswali ya imani kabla ya kumpakia juu ya mnyama wake.

4. Vigezo viwe hadharani, majina yawe faragha

Hapa pana ugumu ambao kamati nyingi zimetuuliza. Orodha ikifichwa, watu husema kuna upendeleo. Orodha ikisomwa kanisani, mhitaji hudhalilika. Tufanyeje?

Tunaweza kujifunza kutokana na yaliyotokea nchini. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliosimamiwa na TASAF, kaya zilipendekezwa katika mikutano ya vijiji, mbele ya majirani wanaojuana. Faida yake ni kwamba mtu mmoja hakuweza kuwaandika ndugu zake kimyakimya. Kwa upande mwingine, tunakumbuka miaka ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata sharika nyingi zilijifunza kuandika orodha za yatima. Orodha hizo zilikuwa za lazima. Lakini mtoto akishaitwa hadharani kwa jina la ugonjwa uliomuua mama yake, jina hilo hulibeba hadi darasani.

Ushauri wetu ni huu: vigezo vitangazwe kwa wote, majina yabaki kwa wanaohusika. Usharika mzima ujue kwamba msaada wa mwaka huu ni kwa kaya za namna gani, ni kaya ngapi zimesaidiwa, na ni shilingi ngapi zimetumika. Hayo yasomwe katika matangazo na kubandikwa ubaoni. Majina yabaki katika daftari linalofungiwa. Hata sheria inatuelekeza huko, maana tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya na za watoto zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Tena tumwangalie Elisha katika 2 Wafalme sura ya 4. Mjane alikuja akilia kwamba mdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii alimwagiza aazime vyombo kwa majirani, kisha aingie ndani na wanawe, na ajifungie mlango. Majirani walishiriki kwa kutoa vyombo, lakini hawakuitwa kutazama. Muujiza ulifanyika mlango ukiwa umefungwa. Mama yule alibaki na heshima yake.

5. Una nini nyumbani?

Katika habari hiyohiyo Elisha alimuuliza mjane maswali mawili: akufanyie nini, na una nini nyumbani? Hakuanza kwa kutoa alichokuwa nacho yeye. Alianza kwa kusikiliza, na mafuta kidogo yaliyokuwa ndani ya nyumba ya mjane ndiyo yaliyomlipia deni na kumwachia akiba ya kuishi.

Tuchukue mfano. Tuseme kamati imepata bati 20, ikaamua kumwezekea mama mjane nyumba yake. Vijana wanajitolea, kazi inakwisha kwa siku moja, kila mtu anafurahi. Lakini kama mama angeulizwa, angesema kwamba linalomnyima usingizi si paa. Ni shemeji zake wanaotaka kumwondoa katika kiwanja tangu mume wake azikwe. Bati zile sasa zimekipandisha thamani kiwanja kinachogombewa. Alichohitaji kwanza ni wazee wawili wa kanisa wa kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji na katika baraza la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, lakini haki hiyo haimfikii aliyeachwa peke yake. Msaada huo haugharimu bati hata moja. Unagharimu nusu siku na ujasiri.

Ndivyo ilivyo pia kwa mzee ambaye hajui kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuanzia umri wa miaka 60, wala hajui aanzie wapi kuomba matibabu ya wazee wasiojiweza. Kamati inayomfikisha kwa afisa ustawi wa jamii imefanya diakonia kamili.

6. Hatua ambazo kamati inaweza kufuata

a) Andikeni vigezo kabla ya kuandika jina lolote, na baraza la wazee livipitishe.

b) Gaweni usharika kwa mitaa na jumuiya. Watembeleaji waende wawili wawili, mwanamke na mwanaume, wakianzia nyumba za mbali.

c) Katika kila nyumba waulize mambo matatu: Mna nini? Mnahofia nini zaidi? Ni nani mwingine ambaye hatumjui? Swali la tatu ndilo linalowaleta waliosahauliwa, kwa sababu maskini wanawajua maskini wenzao.

d) Nafasi mbili katika kamati ziwe za watu waliowahi kuhudumiwa, nao wawe na sauti kamili, si ya kukaribishwa chai tu.

e) Mjumbe mwenye ndugu katika orodha atoke nje wakati jina hilo linajadiliwa, na katibu aandike hivyo katika muhtasari.

f) Mteueni mtu mmoja asiye mjumbe wa kamati apokee malalamiko. Malalamiko yasomwe katika kikao kinachofuata. Tukumbuke kwamba mashemasi saba walipatikana kwa sababu ya manung'uniko.

g) Pitieni orodha upya baada ya kila mavuno. Aliyesimama aondoke kwa furaha, na aliyeanguka aingie.

7. Neno kwa marafiki wanaotusaidia

Kwenu wafadhili na sharika rafiki, tunawashukuru kwa moyo wote. Tunapenda pia kuzungumza nanyi kwa uwazi wa kindugu, kwa sababu ninyi nanyi mna sehemu katika orodha hii.

Kwanza, ziara zinagharimu. Nauli, mafuta ya pikipiki na chakula cha watembeleaji huonekana katika bajeti kama gharama za uendeshaji, na mara nyingi ndizo za kwanza kukatwa. Lakini mkikata mafuta ya pikipiki, mmewakata watu wa mlimani. Watakaosaidiwa ni wale wanaoweza kufika ofisini wenyewe.

Pili, tunaelewa kwamba mnahitaji kuona kazi iliyofanyika. Tunawaomba mpokee ripoti yenye picha ya kisima, ya darasa, au ya mikono inayosuka mkeka, badala ya uso wa mtoto ukiambatana na jina lake na msiba wake. Mtoto huyo atakua. Siku moja atatafuta kazi au mchumba, na picha hiyo itakuwa bado ipo.

Tatu, msishangae idadi ya walengwa ikipungua mwaka ambao tumefanya kazi vizuri zaidi. Kumfikia mmoja aliyefichwa ndani kunaweza kuchukua miezi ambayo ingetosha kuwagawia mahindi watu wengi walio karibu. Mchungaji wa Luka 15 aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma Matendo 6:1-7. Je, katika usharika wetu anayenung'unika hupokewaje?

2. Chukueni orodha ya mwisho ya wahitaji. Ni wangapi wanaishi mbali na kanisa? Ni wangapi si washarika wetu? Ni wangapi ni ndugu wa wajumbe?

3. Katika makundi tuliyoyataja, ni lipi ambalo halina hata jina moja katika orodha yetu? Ni nani atakayeanza kuwatembelea, na lini?

4. Ni mambo gani ya mhitaji ambayo huwa tunayasema hadharani pasipo sababu?

5. Kama tungekuwa na sanduku lenye kufuli nne, tungewapa kina nani funguo?

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe ulizaliwa mahali ambapo hapakuwa na nafasi, nawe unajua maana ya kusahauliwa. Tupe macho ya kumwona asiyeonekana, masikio ya kumsikiliza anayenung'unika, na unyenyekevu wa kumpa ufunguo yule tuliyezoea kumpa msaada tu. Utukumbushe kwamba sisi sote tumeandikwa katika orodha yako kwa neema, wala si kwa kustahili. Amina.

Bwana awabariki katika kazi hii. Kamati zitakazojaribu hatua hizi tunaziomba zituandikie mrejesho kabla ya toleo lijalo, ili sharika nyingine zijifunze kwenu.

Wenu katika huduma,
Ofisi ya Uratibu wa Miradi ya Dayosisi